Nyota au delta? Kulinganisha miunganisho ya transfoma ya fezi tatu kabla hujachagua

Chukua transfoma mbili. Zote zimeandikwa kVA 315 (kipimo cha ukubwa wa transfoma), volti 11,000 kwa 400. Kibao cha ya kwanza kinasema Dyn11, cha ya pili kinasema Yyn0; herufi hizo zinaeleza jinsi koili za ndani zilivyounganishwa, nami nitazifafanua mbele. Ukizipigia hesabu ya mkondo unapata jibu lile lile kwa zote mbili. Ukizifungia mota tupu zitaendesha sawasawa, wala hutajua ipi ni ipi. Sasa washa mzigo mzito wa fezi moja peke yake, halafu angalia voltimita kwenye fezi zote tatu. Hapo ndipo zinapoachana.

Kwa hiyo tukubaliane mapema: hesabu ya nguvu inakuambia transfoma iwe kubwa kiasi gani, lakini haikuambii iunganishwe vipi. Hayo ni maswali mawili, na la pili lina jibu linalotegemea zaidi nyutro (waya unaotoka kwenye nukta ya katikati ya nyota) kuliko kilowati.

Ukubwa kwanza, maana huo ndio rahisi

Kanuni ni moja: zidisha 1.732 kwa volteji ya laini kwa laini, kisha kwa mkondo wa laini, halafu gawa kwa 1,000, unapata kVA. Hiyo 1.732 ni kipeuo cha pili cha 3. Kanuni haijali kama koili ziko nyota (ncha zao za upande mmoja zimekutana kwenye nukta moja) au delta (zimeungana ncha kwa ncha kama pembetatu), mradi vipimo vyako ni vya laini. Kosa la kawaida ni kubana mita kwenye waya wa ndani ya delta, kupata mkondo wa koili, halafu kuzidisha kwa 1.732 kana kwamba ni wa laini. Ukishaingia ndani ya koili, kanuni inakuwa volteji ya koili mara mkondo wa koili mara 3.

Transfoma yetu basi: 315,000 ukigawa kwa 1.732 × 400 unapata ampea 455 upande mdogo. Ukigawa kwa 1.732 × 11,000 unapata ampea 16.5 upande mkubwa.

Upande wa mzigo, tuseme karakana ina mota zinazovuta kW 180 kwa pawa fakta (kW ukigawa kwa kVA) ya 0.8, na taa pamoja na hita za kW 30 kwa pawa fakta ya 1. (Kilowati za kwenye kibao cha mota ni zile zinazotoka kwenye shafti, gawa kwanza kwa ufanisi wa mota ndipo upate zinazoingia. Hizo 180 nimezichukulia kuwa zinazoingia.) Usijumlishe kVA kwa kVA. Jumlisha kW peke yake na kVAr (nguvu inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi) peke yake:

kW: 180 + 30 = 210
kVAr: mota zinahitaji 135, hita na taa 0, jumla 135
kVA: kipeuo cha pili cha (210² + 135²) = 250

Mkondo ni ampea 360. Ukiongeza kapasita za kVAr 66, pawa fakta inapanda kutoka 0.84 hadi 0.95, kVA zinashuka hadi 221 na mkondo hadi ampea 319. Kilowati hazijabadilika hata moja, lakini upotevu wa joto kwenye shaba ya transfoma, ambao hufuata mkondo kwa kipeo cha pili, umepungua kwa karibu asilimia 22. Transfoma ya kVA 250 iliyokuwa imejaa pomoni sasa ina nafasi. Kama bado hujanunua, piga hesabu ya kapasita kabla ya kupanda saizi ya transfoma.

Nyota na delta zinabadilisha nguvu pale tu unapounganisha upya *mzigo ule ule*. Elementi tatu za hita, kila moja ohm 20, kwenye laini ya volti 400: ukizifunga nyota zinakula kW 8 na kila laini inabeba ampea 11.5. Zifunge delta, zinakula kW 24 na laini inabeba 34.6. Ni mara tatu kamili. Transfoma si hivyo, kwa sababu mtengenezaji ameshasuka koili zake kwa ajili ya muunganisho mmoja.

Kinachobadilika ndani ya tangi

Herufi kubwa ni upande wa volti kubwa, ndogo ni upande wa volti ndogo. D au d ni delta, Y au y ni nyota, Z au z ni zigzagi, na n maana yake nyutro imetolewa nje. Namba ya mwisho ni ya uso wa saa: 11 ni pale ilipoandikwa tarakimu 11, siyo saa kumi na moja ya jioni ambapo mshale mfupi uko kwenye 5. Onyo hilo si la mzaha, kwani Dyn5 nayo ipo na inauzwa. Kila tarakimu ni nyuzi 30 za tofauti ya fezi kati ya upande mkubwa na mdogo.

Hivi ndivyo transfoma ile ile ya kVA 315 inavyogawana volti na ampea kwa kila koili:

| | Koili ya volti kubwa | Koili ya volti ndogo | Uwiano wa mizunguko | Nyutro upande mdogo |
|---|---|---|---|---|
| Dyn | V 11,000, A 9.5 | V 231, A 455 | 47.6 | ipo |
| Yyn | V 6,351, A 16.5 | V 231, A 455 | 27.5 | ipo |
| Dd | V 11,000, A 9.5 | V 400, A 262 | 27.5 | haipo |
| Yd | V 6,351, A 16.5 | V 400, A 262 | 15.9 | haipo |

Zidisha volti kwa ampea popote kwenye jedwali, kila koili inabeba kVA 105. Nyota inaipa koili volti chache na ampea nyingi. Delta inafanya kinyume chake. Ikiwa koili ya upande mdogo ina mizunguko 24, basi Dyn inahitaji mizunguko 1,143 upande mkubwa, na Yyn inahitaji 660 tu ya waya mnene zaidi. Ndiyo maana Yyn huwa rahisi kusuka, na ndiyo maana wako wanaoitamani. Mimi siipendi kwa mzigo wa kawaida wa taa na soketi, na sababu ni hii ifuatayo.

Dyn na Yyn, ana kwa ana

Funga mashine ya kuchomelea ya ampea 100 kati ya fezi A na nyutro. Fezi nyingine mbili hazina kitu.

Kwenye Dyn, mzigo huo ni kVA 23.1. Koili moja tu ya upande mkubwa ndiyo inayoitikia. Inavuta ampea 2.1 zikiingia kwa laini moja na kutokea kwa nyingine. Ule mguu wa kiini cha chuma uliozungushiwa koili za fezi hiyo umesawazika: msukumo wa sumaku unaotoka upande mdogo umepata mpinzani wake kamili upande mkubwa. Fezi A inashuka volti kidogo kwa ajili ya impidansi yake (jumla ya upinzani wake kwa mkondo), jirani zake hawasikii kitu.

Kwenye Yyn ambayo nyota yake ya juu (upande mkubwa) haina waya wa nyutro, koili A ingetaka kuvuta ampea 3.64. Lakini koili tatu za juu zinakutana kwenye nukta isiyo na mlango. Kinachoingia kwa A lazima kirudi kwa B na C. Matokeo yake A inapata ampea 2.42 tu, na B na C kila moja inarudisha 1.21 ambayo haikuombwa na mzigo wowote. Ukizipeleka upande mdogo, kwenye mguu wa A zimebaki ampea 33.3 zisizo na mpinzani, na kwenye miguu ya B na C zimebaki 33.3 vilevile. Zote tatu zinasukuma sumaku upande mmoja, kwa wakati mmoja.

Sumaku hiyo inakwenda wapi? Kwenye kiini cha miguu mitatu haina chuma cha kurudia, kwa hiyo inapita kwenye mafuta na kuta za tangi. Tangi linapata joto, lakini njia hiyo ni ngumu na hivyo sumaku inabaki ndogo; nyutro inasogea kiasi. Kwenye kiini cha miguu mitano, au ukitumia transfoma tatu za fezi moja, chuma cha kurudia kipo tele. Hapo nyutro inaelea kwelikweli: volteji ya fezi yenye mzigo inaporomoka, na fezi zisizo na mzigo zinapanda kuelekea volteji ya laini. Taa iliyotengenezwa kwa volti 231 haitakuvumilia hapo.

Kuna jambo zito zaidi ya taa kuungua. Dyn yetu ikiwa na impidansi ya asilimia 4, fezi ikigusana na nyutro kwenye vituo vyake (ncha za kufungia waya) inatoa takriban ampea 11,400, sawa na shoti ya fezi zote tatu. Breka inafyatuka bila kufikiri. Kwenye Yyn chukulia impidansi ya mfuatano sifuri (ile inayokutana na mikondo ya fezi tatu inapokwenda pamoja) ni asilimia 60 badala ya 4: shoti hiyo hiyo inatoa karibu ampea 2,000. Ongeza urefu wa kebo hadi mwisho wa laini, na unaweza kujikuta na hitilafu ambayo fyuzi inaiona kama mzigo wa kawaida. Waya umegusa bodi ya mashine na hakuna kilichokatika.

Mtetezi wa Yyn atasema: basi leta nyutro upande wa juu pia, iwe YNyn. Ni kweli, tatizo la nyutro kuelea linakwisha. Lakini sasa kila mzigo usio sawa na kila shoti ya ardhini upande wako inapanda hadi kwenye mtandao wa juu, na kinga za ardhini za huko zinaanza kukuhesabu. Delta ilikuwa ukuta kati ya pande hizo mbili. Suluhisho la katikati, ambalo transfoma kubwa za gridi hulitumia, ni kuacha nyota pande zote mbili na kuweka koili ya tatu iliyofungwa delta ndani, ambayo huenda isitoe umeme nje kabisa.

Hamoniki ya tatu

Chuma kikikaribia kushiba sumaku, mkondo wa kukisumakisha hauwi wimbi laini tena. Unabeba hamoniki ya tatu, yaani hezi 150 kwenye umeme wa hezi 50. Hamoniki za tatu za fezi zote tatu zinapanda na kushuka pamoja. Ndani ya delta zinazunguka kama kwenye pete na kuishia hapo. Kwenye nyota isiyo na nyutro hazina njia, kwa hiyo badala ya mkondo kupinda, ni volteji ya kila koili inayopinda na kuwa na ncha kali.

Siku hizi kero kubwa inatoka upande wa pili, kwenye mzigo wenyewe. Kompyuta, taa za LED na chaja huvuta mkondo kwa vipande, na hamoniki zao za tatu hujumlishana kwenye nyutro badala ya kufutana. Kinadharia nyutro inaweza kubeba hadi mara 1.73 ya mkondo wa fezi hata kama fezi zote ziko sawa. Dyn inazizuia zisipande juu, lakini haiziui: zinazunguka kwenye koili za delta na kuzipasha moto, bila ampimita ya laini za juu kuonyesha chochote. Kwa jengo la aina hiyo chagua Dyn, nenepesha nyutro, na omba transfoma iliyokadiriwa kwa mzigo wa hamoniki. Usitegemee kVA peke yake.

Dd: kwa mota tupu

Hakuna nyutro, basi hakuna taa za volti 231 bila transfoma nyingine ndogo pembeni. Faida yake ni shaba nyembamba upande wenye ampea nyingi, hamoniki ya tatu imefungwa pande zote mbili, na hakuna mzunguko wa nyuzi kati ya juu na chini. Fezi moja ikigusa ardhi kwa mara ya kwanza hakuna kinachokatika, mashine zinaendelea. Wengine wanaliita hilo faida. Ni faida kama una kifaa kinachofuatilia insulesheni na mtu anayekisoma, kwa sababu fezi nyingine mbili sasa ziko volti 400 kamili dhidi ya ardhi, na mguso wa pili ni shoti.

Ikiwa Dd imejengwa kwa transfoma tatu za fezi moja, moja ikifa unaweza kuendelea na mbili zilizobaki, muunganisho wa V. Hapa watu hukosea hesabu. Tatu za kVA 100 ni 300. Mbili zilizobaki hazitoi 200. Zinatoa 173, yaani asilimia 57.7 ya mwanzo, kwa sababu mkondo wa laini sasa ndio mkondo wa koili moja kwa moja na hauwezi kupita kadirio la koili. Ukiziwekea kVA 200 unazizidishia mzigo kwa asilimia 15 huku ukidhani uko salama.

Yd: karibu na jenereta

Hii ina makao yake hasa kwenye mitambo ya kuzalisha umeme, ikiandikwa YNd: delta upande wa jenereta, nyota iliyofungwa ardhini upande wa gridi. Kwenye laini ya kV 220, koili ya nyota inakaa na kV 127 tu, na insulesheni inaweza kupunguzwa kadiri unavyokaribia nyutro. Kwa volti hizo akiba ni kubwa. Kwa kV 11 haina uzito huo, na kwa mzigo wa fezi moja Yd haikufai kwa kuwa haina nyutro chini.

Zigzagi, kwa saizi ndogo

Yzn huwa nadra kutajwa, na si haki. Kila fezi ya upande mdogo imegawanywa nusu mbili kwenye miguu miwili tofauti, moja ikiwa imegeuzwa. Rudisha ile mashine ya kuchomelea: mzigo wake sasa unaitikiwa na koili mbili za juu, moja inavuta na nyingine inarudisha kiasi kile kile. Nyota ya juu imeridhika bila nyutro, na hakuna ampea 33.3 zinazozurura. Gharama yake ni mizunguko zaidi upande mdogo, asilimia 15.5. Kwa transfoma ndogo inayolisha nyumba chache zenye mizigo isiyo sawa, shaba hiyo ya ziada ni nyepesi kuliko kusuka delta ya waya mwembamba mno upande wa juu. Saizi ikikua hesabu inageuka na Dyn inashinda.

Kama tayari kuna transfoma nyingine pale

Hapa uhuru wako wa kuchagua unakwisha, maana mpya lazima ifanane na ya zamani ili zifanye kazi sambamba: uwiano wa volti, mfuatano wa fezi, asilimia ya impidansi zinazokaribiana, na ile namba ya saa. Tatu za kwanza watu huzikagua. Ya nne ndiyo inayounguza.

Weka Dyn11 na Yyn0 sambamba, kVA 315 kila moja, impidansi asilimia 4. Nyuzi 30 kati yao zinaacha volti 120 baina ya vituo vyenye jina moja, na mkondo wa kuzunguka kati ya transfoma hizo mbili ni karibu ampea 2,900 kabla hujawasha hata taa. Dyn11 na Dyn1 ni mbaya zaidi: nyuzi 60, volti 231, karibu ampea 5,700.

Dyn11 na Yzn11 zinaelewana, namba ni moja. Na Dyn1 inaweza kufanywa iendane na Dyn11 bila kufungua tangi: badilishana laini mbili upande wa juu, kisha badilishana mbili zinazolingana nazo upande wa chini. Yyn0 haina dawa ya namna hiyo mbele ya Dyn11, tafuta pengine pa kuitumia.

Kibao kikiwa kimefutika, usiamini neno la muuzaji. Washa transfoma zote mbili upande wa juu, unganisha nyutro zao za chini pekee, na acha fezi wazi. Pima volti kati ya a na a, b na b, c na c. Ukisoma takriban 120 kote, tofauti ni nyuzi 30. Ukisoma 231 ni nyuzi 60. Ukisoma 462 zimepingana kabisa. Funga breka ya kuunganisha pale tu zote tatu zinaposoma karibu na sifuri, na ukishabadilisha laini yoyote, pima tena zote tatu kuanzia mwanzo.